Je, ni Sadaka au ni Deni?



Kila mwaka mwezi wa Januari shule hufunguliwa, na majina ya watoto wapya huandikwa katika madaftari. Siku hizo wako wazazi waendao shuleni kwa moyo mzito, kwa kuwa mtoto wao hafanani na wenzake. Amekwisha kupata miaka sita au saba. Pengine hasemi, au husema maneno aliyoyasikia tu, akiyarudia rudia. Hamtazami mtu usoni. Kengele ikilia huziba masikio na kupiga kelele. Mwalimu mkuu humtazama kwa huruma, maana si mtu mbaya, kisha husema, "Mama, huyu hatumwezi hapa." Naye mama hujibu, "Basi, Mwalimu, nimpeleke wapi?" Mara nyingi swali hilo halipati jibu, na mama hurudi nyumbani amemshika mtoto mkono.

Twataka kulichukua swali la mama huyo na kulitazama vizuri, maana si la walimu na waganga peke yao. Ni swali la haki. Mama alipokwenda shuleni, alikwenda kuomba nini? Je, aliomba sadaka, ambayo mwenye kutoa aweza kuitoa au kuizuia kama apendavyo? Au alikwenda kudai deni, ambalo taifa zima lawiwa na mtoto wake kama liwiwavyo na mtoto wa jirani? Tena, ikiwa ni deni, na fedha hazitoshi kuwalipa wote, ni nani akose?

Hali ya mtoto huyo kwa lugha yetu yaitwa usonji. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliieleza katika mwaka wa 1943, akiandika habari za watoto 11 aliowapima mwenyewe. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala si wazimu. Ubongo wa mtoto umeumbika kwa namna nyingine tangu kabla hajazaliwa, na urithi wa damu una sehemu kubwa katika jambo hilo. Tena wenye usonji hawafanani wote. Mmoja hatasema maisha yake yote. Mwingine husoma gazeti akiwa na miaka minne, ajua kwa moyo majina ya vituo vyote vya basi toka Moshi hata Dar es Salaam, lakini mwenzake akicheka hajui kama amefurahi au anamdhihaki.

Watu hupenda kujua ni nani mwenye kosa. Kwetu husema ni laana, au ni mizimu, au mama alivunja mwiko alipokuwa na mimba. Msidhani ya kuwa wenye elimu walikuwa na hekima kuliko wanakijiji. Huko Marekani na Ulaya, kwa miaka mingi, wataalamu walifundisha kwamba mtoto amekuwa hivyo kwa sababu mama yake ana moyo wa baridi na hakumpenda. Bruno Bettelheim wa Chicago aliyaeneza mafundisho hayo katika kitabu chake cha mwaka 1967, ijapokuwa miaka mitatu kabla yake Bernard Rimland, ambaye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto wa namna hiyo, alikuwa amekwisha kuonyesha ya kuwa hayana msingi. Basi hadithi ya kijijini na hadithi ya chuoni ni ndugu wa tumbo moja. Zote mbili zatafuta mwenye kosa, na zote mbili zamkuta mama. Wanafunzi wa Bwana wetu nao walipomwona kipofu tangu kuzaliwa waliuliza ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake. Wote twalijua jibu walilopewa. Twaanzia hapo kwa sababu mzazi mwenye kosa hana uso wa kudai kitu. Mtu akiisha kuambiwa kwamba shida ya mtoto wake ni matunda ya kosa lake, hupokea lo lote apewalo na kushukuru, na asipopewa hunyamaza.

Sasa tuutazame msaada wenyewe, kwa maana wengi hudhani ni jambo la mitambo na majumba makubwa. Sehemu yake haihitaji fedha. Mtoto mwenye usonji mara nyingi huogopa kwa sababu hajui ni nini kitakachofuata. Mwalimu huchukua vipande vya boksi na kuchora juu yake kalamu, kikombe cha uji, mpira, jembe, nyumba; huvitundika ukutani kwa utaratibu wa siku, na kila jambo likiisha, kipande chake hugeuzwa. Mtoto huiona siku yote mbele yake kama mtu aonavyo njia toka mlimani, na hofu hupungua. Kengele ikikaribia kulia, huambiwa kwanza. Huketishwa mbali na mlango wenye kelele, na pembeni pa darasa huwekwa mkeka ambapo aweza kukaa kimya kidogo akizidiwa. Huambiwa maneno machache, moja moja, kisha mwalimu hungoja, hata akihesabu moyoni mpaka kumi, maana jibu laja lakini halina mwendo wa haraka. Yule asiyesema hupewa picha za maji, choo, chakula na maumivu, naye huionyesha ile aitakayo. Hiyo ndiyo sauti yake, na kumnyang'anya picha zake ni sawa na kumziba mwingine kinywa.

Lakini sehemu ya pili yahitaji fedha, wala haifai kuficha. Mwalimu hana budi kufundishwa, na kwa kazi hiyo nchi yetu inacho Chuo cha Ualimu cha Patandi, karibu na Arusha. Tena mwalimu mwenye watoto 80 hawezi peke yake kungoja mpaka kumi. Yahitajiwa msaidizi, au kitengo cha elimu maalumu ndani ya shule, ambapo mwalimu mmoja hushika watoto wachache, kama ilivyo katika Shule ya Msingi Msimbazi Mseto, Dar es Salaam. Wajibu wa kuwalipa watu hao hauwezi kuandikwa juu ya kipande cha boksi.

Hapo ndipo husemwa neno lile ambalo huonekana kumaliza mashauri yote: "Twataka sana, lakini fedha hakuna." Neno hilo lilisemwa pia mbele ya hakimu, katika mwaka wa 1972, mjini Washington. Watoto saba waliozuiliwa kuingia shule za mji ule kwa ajili ya ulemavu na tabia zao walisemewa mahakamani. Wakubwa wa shule hawakusema watoto wale hawana haki. Walisema kisanduku hakina kitu. Hakimu Joseph Waddy hakuwaambia wachapishe fedha. Aliwaambia ya kwamba, ikiwa fedha hazitoshi, zigawanywe kwa haki, ili pasiwe na mtoto anyimwaye kabisa. Wala upungufu, ukitoka katika umaskini au katika utendaji mbaya, usimlemee mtoto mlemavu kuliko mwenzake.

Twaona neno hilo ni kubwa kuliko yanenwayo kwa kawaida juu ya msaada wa watoto hawa, kwa sababu lageuza swali. Sisi huuliza, "Je, fedha zatosha?" Hakimu aliuliza, "Zisipotosha, upungufu wamwangukia nani?" Hata mama yeye yote wa kijijini angelielewa bila kusoma sheria. Mwaka wa njaa, unga ukiwa kibaba kimoja na watoto ni sita, hapiki ugali wa watano na kumwambia wa sita angoje mavuno. Hupika uji mwepesi, na wote sita hupata uji mwepesi. Angemwacha mmoja, majirani wasingesema, "Maskini, unga haukumtosha." Wangesema amemtupa mtoto.

Tena twakumbuka habari ya kanisa la kwanza katika Matendo ya Mitume, mlango wa sita. Wajane wa upande mmoja walisahauliwa katika huduma ya kila siku, na manung'uniko yakatokea. Mitume wangaliweza kusema chakula ni kidogo na watu wamezidi. Badala yake walitengeneza ugawaji, wakaweka watu saba wa kuusimamia.

Baada ya hukumu ile ya Washington na nyingine iliyoitangulia katika jimbo la Pennsylvania, bunge la Marekani lilitunga sheria, naye Rais Gerald Ford akaitia sahihi mwezi wa Novemba 1975. Katika sheria hiyo bunge lenyewe lilikiri ya kuwa nchi ilikuwa na watoto walemavu zaidi ya 8,000,000, na kati yao 1,000,000 walikuwa wamefungiwa nje ya shule za serikali kabisa. Na ile ni nchi iliyokuwa imekwisha kupeleka watu mwezini! Tangu hapo kila mtoto wa namna hiyo hupaswa kupewa elimu bila malipo, na kuandikiwa mpango wake mwenyewe: aweza nini sasa, mwakani aweze nini, nani atamsaidia na kwa saa ngapi. Wazazi huketi katika shauri hilo pamoja na walimu, na mpango hutazamwa upya angalau mara moja kwa mwaka. Katika mwaka wa 1990 usonji ulitajwa kwa jina lake katika sheria hiyo. Lakini tusiwasifu kupita kiasi. Bunge liliahidi kusaidia gharama iliyozidi hata kufikia sehemu 40 katika 100, na ahadi hiyo halijaitimiza hata mwaka mmoja. Hata penye mali nyingi, deni hili ni la mwisho kulipwa.

Pengine msomaji asema, "Hayo ni ya Marekani, wenye mali, sisi je?" Twajibu kwamba hukumu ya upungufu haikuandikwa kwa ajili ya wenye mali. Penye wingi hakuna haja ya kujua namna ya kugawanya upungufu. Tena Tanzania nayo imekwisha kujifunga kwa neno lake. Katika mwaka wa 2009 iliukubali Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na katika mwaka wa 2010 ilitunga sheria yake yenyewe, ambayo yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata elimu kama wengine. Tangu mwaka wa 2016 ada imeondolewa, toka shule za msingi hata kidato cha nne, na shule hizo zaendeshwa kwa kodi ya watu wote. Yule mama aliyerudishwa langoni hulipa kodi hiyo kila anunuapo sabuni na kila apigapo simu. Mtoto wa jirani asoma kwa fedha yake. Wa kwake amekaa nyumbani. Katika hali kama hiyo, ni nani ampaye mwenzake sadaka?

Sisi tujiitao Walutheri tuna sababu nyingine ya kulifikiri jambo hili. Katika mwaka wa 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani juu ya shule. Hoja yake ilikuwa ya hesabu: ikiwa mji watoa fedha nyingi kila mwaka kwa silaha, barabara na madaraja, kwa nini usitoe kwa ajili ya vijana wake? Hakuwaomba madiwani huruma. Aliwaonyesha ya kuwa ni wajibu wao, maana wazazi wengi hawawezi kazi hiyo peke yao, na mji wote wapata hasara ikiachwa.

Walakini hatuwezi kulificha jambo jingine. Katika maneno ya mezani pake, yaliyoandikwa na watu waliokula pamoja naye, zimo habari za mtoto wa miaka 12 huko Dessau, ambaye hakufanya kitu ila kula na kupiga kelele. Luther alimhesabu kuwa pande la nyama lisilo na roho, akashauri atupwe mtoni; wakuu wa nchi hawakulifuata shauri lake. Hatuna haja ya kukisia hali ya mtoto yule. Twaona tu jambo la kutisha: mtu yule yule aliyewaambia madiwani ya kwamba mji wawiwa na vijana wake, hakumhesabu huyu mmoja kuwa miongoni mwa vijana. Deni lilikuwa wazi mbele yake. Aliyekosekana katika daftari ni mdai.

Kwa hiyo twaogopa kidogo tuwasikiapo watu wema wakiwatetea watoto hawa kwa faida yao. Husema, "Msiwadharau, wako wenye akili nyingi za hesabu, wako wapigao kinanda bila kufundishwa, kesho watalisaidia taifa." Ni kweli kwa baadhi yao. Lakini utetezi huo una sumu ndani yake, maana wamwacha nje yule asiyejua hesabu wala kinanda. Hayo yalikwisha kutokea. Daktari Hans Asperger wa Vienna aliandika katika mwaka wa 1944 juu ya watoto wa namna hii, akawasifu wenye akili, akaeleza jinsi watakavyoweza kuwa na kazi njema katika taifa. Lakini karatasi zilizotolewa hadharani na mwandishi wa historia Herwig Czech katika mwaka wa 2018 zaonyesha ya kwamba daktari huyo aliwapeleka watoto wengine, walioonekana hawafundishiki, katika nyumba ya Am Spiegelgrund, ambapo karibu watoto 800 walikufa chini ya utawala wa Wanazi. Kipimo cha faida kiliwalinda wengine, na kipimo kile kile kiliwaangamiza wengine.

Sisi twabatiza watoto wachanga. Mtoto aletwaye penye maji hajui kusoma, hajui kumjibu mchungaji, wala hatujui atakuwa mtu wa namna gani. Nasi hatumwulizi faida yake. Jina lake laandikwa katika kitabu cha usharika siku ile ile. Ingekuwa ajabu kumwandika katika kitabu hicho pasipo sharti lo lote, kisha baada ya miaka saba kukubali bila neno jina hilo likose nafasi katika daftari la shule.

Sasa tuwasikilize wengine, maana nao wana haki. Wazazi wa wale 80 huuliza, "Na watoto wetu je? Mwalimu akimngoja mmoja, hao 79 wakae bure?" Wahubiri wengi hujibu upesi kwa mfano wa mchungaji aliyewaacha kondoo 99 akamtafuta mmoja. Mfano huo wahubiriwa vizuri, lakini darasani hautoshi, kwa sababu kondoo hawana mtihani wa darasa la saba. Tena mtoto mwenye usonji, akizidiwa na hofu, pengine hupiga au huuma wenziwe, na mtoto aliyeumwa ana haki ya kuja shuleni bila woga. Deni hili halilipwi kwa kuwanyang'anya wengine la kwao. Ndiyo maana twasema mzigo usiwekwe juu ya mwalimu mmoja. Mtoto akiingizwa darasani bila msaidizi, bila mafundisho kwa mwalimu, bila hata kipande cha boksi, yeye hanufaiki na wenzake huumia, kisha watu husema, "Mwaona? Tulijaribu, haikuwezekana." Hawakujaribu. Walimweka mtoto mahali pabaya wakasubiri ashindwe.

Wala usawa si kila mtu kupata kipimo kilekile. Nyumbani, mtoto mwenye homa hupikiwa uji na kulazwa karibu na moto, na nduguze hula ugali bila kunung'unika. Tena mengi yamsaidiayo mwenye usonji huwasaidia wengine pia: maneno machache, siku iliyo na utaratibu, mwalimu angojaye jibu. Hata hivyo, hesabu ikiisha kufanywa kwa haki, mtoto huyu atakuwa ametumia fedha zaidi ya mwenzake. Twalikubali hilo. Barabara ya milimani nayo hugharimu zaidi ya barabara ya bondeni, wala watu wa milimani hawaambiwi washuke.

Lipo swali la kipimo: deni lenyewe ni kiasi gani? Mahakama kuu ya Marekani ililijibu mwezi wa Machi 2017, katika shauri la mtoto mwenye usonji wa jimbo la Colorado, ajulikanaye mahakamani kwa jina la Endrew F. Shule ilikuwa imempokea, ikamwandikia mpango kila mwaka kama sheria ilivyotaka. Lakini mipango ile ilifanana mwaka kwa mwaka, kwa kuwa mtoto hakuendelea. Wazazi walimhamisha shule nyingine ya kulipia, akaanza kuendelea. Ndipo wakadai fedha zao. Mahakama ya chini ilikuwa imesema yatosha shule ikimpa mtoto faida kidogo iliyozidi ile ya bure kabisa. Mahakimu wakuu wote waliosikia shauri walikataa. Walisema mpango lazima umwezeshe mtoto kuendelea kwa kadiri ya hali yake mwenyewe, na ya kwamba kumfundisha mtoto kwa kutarajia machache kama yale ni kumkalisha tu mpaka umri wa shule upite.

Hukumu hiyo yatugusa hata sisi tusiokuwa chini yake. Wako watoto ambao wamepokewa, jina limo daftarini, sare wameshonewa, nao huketi nyuma ya darasa miaka saba bila mtu kuwauliza neno. Shule hujisifu kuwa haibagui. Tangu mkutano wa Salamanca huko Hispania katika mwaka wa 1994, ambapo wajumbe wa serikali 92 walishauriana, neno "elimu jumuishi" limekuwa likisemwa sana, na ni neno jema. Lakini kuwa pamoja si kuketi chini ya bati moja. Kwa maoni yetu, kitengo kizuri ndani ya shule ya kawaida, ambacho watoto wake hukusanyika na wengine asubuhi, hunywa uji nao na kucheza nao, ni bora kuliko darasa kubwa lenye kumsahau mtoto. Na wako ambao hata kitengo hakiwatoshi. Kwao shule maalumu si kutengwa, mradi wasisahauliwe huko.

Twasema hayo tukijua ya kuwa kanisa letu limekuwa likifanya kazi hii. Katika milima ya Usambara, karibu na Lushoto, iko Shule ya Wasioona ya Irente, tangu mwaka wa 1963, na katika karne hii ikaongezwa shule ya Irente Rainbow, ipokeayo watoto wenye ulemavu wa akili na wenye usonji. Zote ni za Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Twamshukuru Mungu kwa ajili ya kazi hiyo, na wenye kutoa wasiache kutoa. Ila iko hatari tusiyoitazama. Kanisa likibeba kwa sadaka yale ambayo wote wawiwa kwa kodi, mwenye deni huzoea. Mama hutoka shule ya serikali akiambiwa, "Nenda kwa watu wa kanisa, wao ndio wanao moyo wa huruma." Maneno hayo yapendeza masikioni mwetu, nasi twaweza kuyapokea kama sifa. Lakini kwa mama wa Tandahimba au wa Kibondo, ambaye hana Irente karibu, maana yake ni kwamba mtoto wake atasoma pale tu ambapo mtu amemhurumia. Kanisa lina kazi mbili basi: kutoa, na kumkumbusha mwenye deni. Ya pili haipendezi kama ya kwanza, na haina siku ya mavuno.

Nao wazazi wanalo lao. Mpango wa shule hauwezi kufaulu kama nyumbani mtoto afungwa chumbani wageni wajapo, au kama picha zake zaachwa langoni pa shule. Baba ahudhurie, kwa nini kila mara twasema "mama" tuelezapo habari hizi? Ni kwa sababu mara nyingi ndiye peke yake aliyeko.

Katika sheria ile ya Marekani kuna kipengele kidogo ambacho kila usharika waweza kukiiga bila kungoja bunge. Mzazi aitwapo kushauriana na walimu juu ya mpango wa mtoto wake, ana ruhusa ya kuja na mtu mwingine amjuaye mtoto. Hatakaa peke yake mbele ya meza ya wakubwa. Basi mwezi wa Januari ukifika, mzee wa kanisa au mwalimu aliyestaafu afuatane na mzazi mpaka shuleni. Waulize kwa adabu kama shule ina kitengo; kama haina, kilicho karibu kiko wapi, na mtoto atafikaje huko. Wakiambiwa haiwezekani, waombe jibu hilo liandikwe, litiwe sahihi na tarehe, nao waende nalo kwa afisa elimu wa wilaya. Wengi wasemao "hatumwezi" kwa kinywa husita washikapo kalamu, na mara nyingine husema, "Mleteni Jumatatu, tuone."